Meza ya Shoto

Kabla ya chuma tulianza na maboksi:
maboksi ya sabuni, gundi, kisu cha kukatia,
meza ya karatasi ngumu katikati ya stoo,
nami na futi ya mama ya kushonea,
namba zake hadi thelathini zimefutwa na vidole.

Nilipima viwiko vya watu kumi na wawili.
Wakacheka: "Unatushonea suti?"
Ndiyo, nikasema. Suti ya chuma. Ya kukalia.

Kiwandani kwetu, Moshi, nyuma ya reli,
tunaunga mirija ya dripu.
Nje ni Februari. Vumbi la Njia Panda
limepaka migomba rangi ya tofali,
mlima haujaonekana tangu Jumanne.
Ndani, hewa iliyochujwa mara tatu
inashuka wima toka darini
kama unga unaochekechwa na mtu asiye na haraka.

Sheria niliyobandika ukutani ilikuwa moja:
mkono usipite juu ya kilicho wazi.
Kila kipitacho juu hudondosha kitu,
unywele, ngozi, uzi,
pumzi yenye chai ya tangawizi.

Basi nikaondoa droo; droo ni kiota.
Nikaondoa mbao, kalenda, kopo la kalamu.
Nikatoboa bamba la meza, hewa ipite,
isigonge ikarudi usoni.
Sindano kulia, zilizokamilika kushoto,
kazi katikati.
Mijongeo ishirini na mitatu kwa dripu moja
nikaipunguza ikabaki kumi na minne.
Usiku huo nililala nikijisifu.

Wiki ya kwanza, meza namba nne,
kengele ya chembe ikalia.
Ikalia tena kabla ya uji.
Bwana Temba akaandika kwenye ubao, kwa herufi kubwa:
UZEMBE.

Nilisimama nyuma ya kioo toka saa mbili hadi saa sita.
Ndani ya ovaroli nyeupe watu wote ni macho;
hujui nani kanuna.
Nsiande alishika mrija kwa mkono wa kulia.
Wa kushoto ukavuka,
kama mtu anayekatiza shamba la jirani,
ukafuata sindano ng'ambo ya pili,
ukarudi njia ile ile.
Juu ya kilicho wazi. Kila mara.

Chumba cha kubadilishia, akivua kofia, nikamuuliza:
"Wewe ni shoto?"
Akatazama mlango kwanza.
"Darasa la pili walinifunga mkono huu na dawati,
kwa kamba ya katani.
Nikaandika *a* kwa huu mwingine.
Ikatoka imelewa."

"Mbona hukusema nilipokupima?"

"Ulipima urefu. Hukuuliza mkono."

Mama alishonea barazani, barabara ya Mawenzi.
Mkasi ulining'inia kwa uzi upande wake wa kulia,
pini kifundoni, chaki sikioni.
Sikumwona hata siku moja akitafuta kitu.
Nilidhani nimerithi jicho lake.
Kumbe nimerithi hata kulia kwake.

Jumamosi, mashine zimezimwa,
tulifungua bolti nane, mimi na fundi Anaeli,
tukahamisha trei, taa, bomba la hewa,
kila kitu kikaenda upande wa pili
kama sura kwenye kioo.
Anaeli akajaribu kuikalia, akachanganyikiwa,
mikono yake ikagongana hewani.
"Meza gani hii?"
Ndivyo alivyoishi mwenzako, nikamwambia,
tangu darasa la pili.

Jumatatu kengele haikulia. Wala Jumanne.
Bwana Temba alifuta ubao kwa kiganja,
lakini ile Z bado inaonekana ukiutazama kwa ubavu.

Nsiande hakusema asante.
Alisema kiti kiko juu, kishushwe vidole viwili.
Nikakishusha.
Akasema kimoja na nusu kingetosha.